Jina la Baukje Ukutani

"Bado nyembamba. Nenepesha," alisema mzee Douwe, shingo kaikunja kuitazama herufi ya kwanza.

Femke alikuwa juu ya ngazi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Miaka kumi na tisa alikuwa akipaka majina ya maduka ya mji wa Dokkum, na hajapata mteja mbishi kama huyu.

"Mzee, herufi za mviringo, nene hivi, ni za duka la peremende. Hii ni bekari."

"Binti yangu mwenyewe mnene, fundi. Ukimwandika mwembamba, mama yake atauliza kama anaumwa."

Femke akacheka. Mzee hakucheka.

Ng'ambo ya mfereji ilikuwepo nyumba ya wazee. Kwenye dirisha la ghorofa ya pili alikaa Tjitske, mke wa Douwe, moyo dhaifu, macho yamefifia. Jina la zamani lilikuwa limechujuka, na tangu aliposhindwa kuliona, alikataa chakula. Kila asubuhi swali lake lilikuwa moja tu: Baukje kafungua duka?

"Akiliona jina, atakula," Douwe alisema. "Asipokula, daktari hampi wiki."

"Si Baukje aende amwone mama yake? Daraja si lile pale?"

"Mwokaji haachi tanuri."

"Basi nimwombe maji ya moto, nioshee brashi." Femke akashuka ngazi.

"Usigonge!" Mzee alishika kitasa cha mlango wa duka haraka, kisha akashusha sauti. "Amelala. Waokaji huamka alfajiri."

Femke akapanda tena ngazi. Herufi nene ina hila zake. Ukiinenepesha ovyo, matundu ya ndani huziba, na kwa mbali watu huona madoa tu. Alizipanua tumbo B na a, akaacha matundu yao wazi, akalifungua jicho la e, akalainisha kila kona mpaka jina zima likaumuka ukutani kama unga uliotiwa hamira. Baukje, kwa rangi nyekundu.

Douwe hakungoja likauke. Alivuka daraja karibu akimbie. Punde Femke akamwona dirishani, ameinama kando ya mkewe, anamwonyesha kwa kidole. Yule mama akausogeza uso hadi kwenye kioo. Akakaa hivyo kitambo. Kisha muuguzi akaleta kijiko, naye akafungua kinywa.

Femke akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nyuma yake baiskeli ilifunga breki. Mwanamke mmoja, kikapu kimejaa vitunguu, alikuwa akilisoma jina, na uso umemgeuka.

"Wewe fundi, huna haya? Nani kakutuma? Baukje tumemzika Jumanne."

Kule dirishani, mama alikuwa akilipungia duka mkono.