Kisu Chini ya Gari la Torsten

Solveig alikuwa amelala chali chini ya gari la mumewe, kisu cha kuparia samaki mkononi, akitafuta mahali pa kukata.

"Sogeza tochi," alisema. "Unanimulika puani."

Gunvor, jirani yake, aliisogeza. "Shoga, hujachelewa kughairi. Petroli si supu hii."

"Miaka tisa, Gunvor."

Torsten alimwoa Solveig kanisani, mbele ya kasisi na ukoo mzima. Kisha, miaka tisa iliyopita, akamletea mke mwenza: dude la Kimarekani la mwaka 1959, rangi ya krimu, lenye mabawa nyuma kama samaki mwenye majivuno. Kila Jumamosi alijifungia nalo gerejini, yeye na wazee wenzake wanne wa chama cha magari ya kale, pamoja na kahawa, na mikate ya mdalasini ambayo Solveig ndiye aliyeioka. Gari halikuwahi kuwaka hata siku moja. Na kila alichoombwa, iwe kuchimba viazi, kuziba paa au kumleta mama mkwe, mama yake Solveig, Torsten alishika kifua kama mfiwa na kusema, "Gari likipona, mke wangu."

Wiki iliyopita Solveig alitimiza miaka sitini. Torsten alitokea mezani keki imekwisha, akajifuta grisi kwa kitambaa cha meza alichokidarizi marehemu bibi yake Solveig.

Ndipo Solveig alipokwenda kunoa kisu.

Leo wazee wote watano walikuwa mji wa pili, kwenye soko la vipuri. Wangerudi saa ya kahawa, kama kawaida yao.

Aliubana mpira wa kupitishia petroli kwa koleo, akazamisha kisu. Matone machache yalidondoka koponi. Kipande kilichotoka kilikuwa kimepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Haya, nipe kile kitu."

Gunvor alikitoa kwenye mfuko wa mkate. "Nimemdanganya shemeji yangu, yule muuza vipuri, kwamba ni cha mashine ya kukatia nyasi. Mtu akiuliza, mimi sikuwepo."

"Hukuwepo."

"Utamuua yule mwanamume, Solveig."

"Polepole," alisema Solveig, akikaza kitu kwa bisibisi. "Nataka afe polepole, tena mbele ya wenzake."

Wazee waliporudi walimkuta mlangoni pa gereji, amevaa gauni la kanisani, birika la kahawa mkononi. Gunvor alikuwa ameshahamia upande wa pili wa uzio.

"Torsten, mume wangu, hebu liwashe kidogo nilisikie."

Wazee waliangua kicheko. "Mama, hili haliwaki," alisema Hilding, mkubwa wao kwa umri. "Hili mgonjwa mahututi. Tunaliuguza tu."

"Iwe zawadi yangu ya miaka sitini."

"Mpe zawadi yake, bwana!" walimshangilia. "Usiwe bahili!"

Torsten aliingia garini kwa madaha, akawapungia mkono kama mfalme anayeaga taifa lake, akazungusha ufunguo. Nyuma ya uzio, Gunvor alifumba macho na kuziba masikio.

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikawaka, ikatulia, ikanguruma laini kama paka aliyeshiba.

Hakuna aliyepiga makofi. Kikombe kilianguka na kuvunjika. Hilding alivua kofia yake taratibu, akaishika kifuani.

Torsten alishuka, uso mweupe kama unga, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Nani kaugusa ule mpira uliopasuka?" aliuliza. "Si tulikubaliana hakuna wa kuugusa?"

Solveig alimfungulia tena mlango wa dereva.

"Rudi ndani, mume wangu. Mama yangu yuko stesheni tangu asubuhi, na masanduku yake yote."