Betri Iliyopofushwa

Kisu kilizama kwenye ganda la betri kwa nguvu isiyohitajika, cheche ikaruka, na Praful akakimbilia upande wa pili wa meza.

"We Zéphyrin! Unataka kutuchoma? Hiyo ni lithiamu, bwana, si kopo la maharage!"

Zéphyrin hakujibu. Tangu aingie yule mteja wa asubuhi hakuwa amefungua kinywa. Mteja alipomsalimia kwa Kiswahili cha Bukavu, aliitikia kwa kichwa tu, akamwachia Praful maneno yote. Na Praful, mzaliwa wa Kisumu, maneno hayamshindi. Duka lake la kutengeneza laptop hapo Peckham, London, ni nusu ufundi, nusu porojo.

Mteja aliitwa Serge. Suti ya kijivu, tai, na kovu nene lililotoka chini ya sikio likaingia kwenye ukosi wa shati. Betri ya laptop yake ilikuwa inazima ghafla. Alitaka ipone siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake alikuwa na safari ya Brussels.

"Kuko bakubwa banataka nibaelezee mambo ya vita," alisema. "Yote iko humu, ndani ya laptop."

Kovu lile Zéphyrin alilitambua mara moja.

Ilikuwa mwaka 1998, barabara ya kuteremka Uvira. Gogo limelazwa katikati ya njia, redio ya mtu inaimba. Abiria waliteremshwa kwenye lori, wakaamriwa walale kifudifudi kwenye matope. Halafu mapanga yakaanza. Mama mmoja alikuwa akimwita mwanawe, akaita, akaita, mpaka akakatwa jina likiwa bado mdomoni. Mzee mmoja aliinua mkono kujikinga, na mkono ukaanguka peke yake. Damu ilichanganyika na unga wa muhogo uliomwagika ikawa uji.

Zéphyrin aliyaona hayo yote. Miaka sita sasa anaamka akiwa ameng'ang'ania shuka, na mkewe Miradie anampangusa jasho bila kuuliza. Ofisini kwa watu wa uhamiaji kule Croydon, walipomhoji, alisimulia habari ya barabara ile hadi mkalimani akaomba maji ya kunywa.

Na leo mtu huyu yuko London, na tai shingoni! Mahali pake palikuwa chini ya udongo. Zéphyrin alijua kwamba akishikwa atapoteza kila kitu: Miradie, binti yao, karatasi za ukaazi walizozisubiri kwa roho mkononi. Lakini kumwacha aende Brussels akazungumze? Hapana. Hilo halikuwezekana.

Kazi yenyewe Praful alikuwa amemfundisha vizuri. Seli za ndani ya betri hazizeeki pamoja. Ile iliyochoka hujaa kabla ya wenzake, na chaja, isiyojua yanayoendelea ndani, huendelea kusukuma umeme. Kwa hiyo fundi huzisawazisha kwanza, zote zifike volti moja, kisha huzifungia bodi ndogo ya ulinzi. Bodi hiyo huzichunga zinapochajiwa. Moja ikivuka kipimo au ikipata joto, bodi hukata umeme. Bodi isipofanya kazi yake, seli huvimba, hutema gesi, kisha hulipuka kwa moto unaokula pazia na godoro kabla mtu hajapata viatu vyake.

Zéphyrin alichagua seli moja mbovu akaichanganya na nzuri. Hakuzisawazisha. Bodi aliirudisha mahali pake, ila kwanza aliipofusha, isione tena volti wala joto. Akagundisha ganda, akalipangusa kwa kitambaa, na mita ikasoma vizuri tu.

"Umeweka ulinzi?" Praful aliuliza, mdomo umejaa chevda.

Akaitikia kwa kichwa.

Alasiri Serge alirudi ameshika mkono wa binti yake mdogo, mwenye sare ya shule na soksi moja imeshuka. Mtoto alikuwa amechoka. "Daddy, can we go now?"

"Dakika tu, mama," Serge akamwambia. Kisha akamgeukia Praful. "Minaweza kuichaji usiku muzima? Chumba yetu ni moja tu, tunalalaka humo na batoto."

"Chaji bila wasiwasi," Praful akasema. "Fundi wangu huyu ni mkali. Ulinzi uko ndani."

Zéphyrin hakuwa amefikiria habari ya watoto. Yule msichana alikuwa na umri wa binti yake mwenyewe, na pengo palepale mbele, meno mawili ya juu. Serge alinyoosha mkono kupokea betri, lakini vidole vya Zéphyrin havikuiachia. Wakaishika wote wawili juu ya meza, mmoja akivuta kwa adabu, mwingine ameganda. Praful akaacha kutafuna. Neno moja tu lilitosha kuyamaliza yote: ngoja, nimekosea, niirudishe ndani. Neno lilifika kooni. Zéphyrin akalimeza, akaiachia betri.

Serge aliitia mfukoni mwa koti. Alikuwa mtu mwenye shukrani, hata akampa mkono.

"Asanti sana, ndugu yangu. Toka asubuhi ata sauti yako sijaisikia."

Zéphyrin alitabasamu, akawafungulia mlango, akawatazama wakivuka kwenda kituo cha basi. Siku ile barabarani Serge alikuwa amelala kifudifudi pamoja na wengine, kwa hiyo uso wa mtu aliyemkata shingo hakuuona. Aliisikia tu sauti ya Zéphyrin.