Spika za Nyuma

Kosgei alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, jasho likimtiririka, akiitukana bisibisi. Jemutai alimshikia tochi. Kwenye pembe mbili za chumba yalikaa madebe ya mafuta ya kupikia, kila moja limetobolewa na kupachikwa spika iliyong'olewa kwenye gari lililoanguka barabarani pale Salgaa.

"Redio yako inatoa sauti pande mbili tu, mama. Kushoto na kulia," Kosgei alisema. "Sasa hizi spika za nyuma tunazipa waya nyekundu ya kushoto na nyekundu ya kulia. Zile nyeusi tunaachana nazo."

"Na zitalia?"

"Hapo ndio utamu uko. Sauti ikiwa sawasawa pande zote mbili, inajiua yenyewe. Ile ya upande mmoja ndiyo inabaki, inatokea huku nyuma."

Jemutai hakuelewa nusu ya maneno hayo, lakini ya mwisho aliyashika. Ndiyo yaliyomfanya amwite.

Alikuwa na kanda moja tu. Vijana wa kanisa walikuwa wamerekodi ibada ya mwisho aliyohudhuria mumewe Kiplangat, mwezi wa kwanza, baada ya uchaguzi, barabara zikiwa zimefungwa kwa mawe na moshi ukionekana upande wa Molo. Kipaza sauti cha kushoto walikitundika juu ya waimbaji wa sauti nzito, alikosimama Kiplangat. Cha kulia walikitundika dirishani, kwa sababu hapo palikuwa na msumari. Mhubiri alisimama katikati, na mhubiri yule alikuwa na koo la kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Hata kwaya ikiimba, yeye alikuwa juu yake na haleluya zake. Tangu mazishi Jemutai alikuwa akiisikiliza kanda hiyo, akimtafuta mumewe chini ya sauti ya mtu mwingine, na hakuwahi kumpata. Sasa alikuwa ameanza kumsahau alivyosikika. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko kulala peke yake.

Kesho yake baada ya ibada ile, kundi la vijana lilikuja moja kwa moja hadi kwenye stoo yao ya mahindi. Halikupekua nyumba wala kuuliza mtu. Ndani ya stoo alijificha mama mwenye duka na wanawe, majirani wa miaka mingi ambao ghafla, kwa sababu ya kabila lao, walikuwa wamegeuka wageni. Kiplangat alisimama mlangoni, mama yule na wanawe wakapenya nyuma wakakimbia. Alikatwa hapo mlangoni na vijana waliokuwa wakimwita baba. Nani aliwaambia, hakuna aliyejua, na kufikia msimu wa kupanda hakuna aliyekuwa akiuliza tena.

"Tutalipana aje, fundi?"

"Wacha hiyo, mama. Mzee tulimbeba kwa mabega haya." Kosgei alijipiga bega. "Mimi ni fundi tu. Hii ndiyo pole yangu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimsifu, yeye ni fundi tu. Wakati wa kampeni, walipomuuliza yuko upande gani, yeye ni fundi tu, na watu wakacheka wakamwacha apite. Jemutai alimshukuru Mungu kwamba bado kulikuwa na watu kama huyu.

Alimletea chai. Kosgei aliitazama trei.

"Siku hizi vikombe ni viwili," alisema. "Ile siku nilikuja kuangalia betri, meza ilikuwa imejaa."

"Tulikuwa wengi."

Kosgei aliipuliza chai yake muda mrefu, kisha akaiweka chini bila kuinywa.

"Risasi ya kuchomelea waya imeniishia," alisema. "Wacha nishike hizi waya na mkono tusikie kwanza. Kesho nitazifunga vizuri."

Alizichomoa spika za mbele za redio ili za nyuma zilie peke yake, akaziunganisha ncha za waya kati ya vidole vyake. Jemutai akabonyeza redio.

Mhubiri hakuwepo. Alibaki kwa mbali sana, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Na kutoka kwenye madebe, nzito, iliyochelewa kidogo kama kawaida yake, ikaja sauti ya Kiplangat. Alikuwa akiimba. Alikosea neno kwenye ubeti wa pili, akakohoa, akaendelea. Jemutai alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia kwa furaha iliyomuuma kifuani.

Wimbo ukaisha. Sasa yalikuwa maombi, lakini nyuma maombi hayakusikika. Zilisikika benchi zikilia, mtoto akipiga chafya, kisha miguu kwenye kokoto, nje, chini ya dirisha. Watu walikuwa wakinong'ona.

"Una uhakika?" mmoja aliuliza.

"Wako kwa stoo ya Kiplangat. Nimeona vikombe vya chai mezani, vinashinda watu wa hiyo nyumba..."

Sauti ikakatika. Kosgei alikuwa ameziachia waya.

"Betri imekufa," alisema.

Taa nyekundu ya redio ilikuwa ikiwaka. Kanda ilikuwa ikizunguka.

"Shika, fundi," Jemutai alisema. "Nataka kumjua huyo ni nani."

Kosgei hakushika. Alianza kuitafuta bisibisi yake sakafuni.

Jemutai alirudisha kanda nyuma kidogo, akaibonyeza. Akapiga magoti kando yake, akaziokota ncha za waya, akaziunganisha mwenyewe.

"...vinashinda watu wa hiyo nyumba," yakasema madebe yote mawili. "Lakini jina langu msilitaje. Mimi ni fundi tu."