Samaki wa Asali kwa Mkaguzi

Mswaki wa Kazadi ulikuwa wa kijani. Berthe alilirudia hilo mara tatu kwa sauti ya chini huku akiwapaka samaki asali kwa brashi. Wa Kazadi kijani, wangu mwekundu.

"Unalalaka upande gani?" akamuuliza.

"Wa ukuta," Kazadi akajibu. Alikuwa amesimama kando ya friji kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Hapana. Wa ukuta ni miye. Wewe ni wa fenêtre."

"Bon. Fenêtre. Dirishani."

Mara ya kwanza walishindwa vibaya. Kwenye ofisi ya serikali waliwatenga, kila mmoja chumba chake, wakawauliza maswali yaleyale. Berthe alisema Jumapili walikula kuku. Kazadi alisema maharagwe. Berthe alisema mapazia yao ni ya bluu. Kazadi alisema hawana mapazia. Karani akaandika kwamba haoni dalili yoyote ya watu hawa wawili kuishi pamoja.

Wakabakiziwa nafasi moja. Mkaguzi angekuja nyumbani kwao mtaa wa Schaerbeek siku ya Jumatano, saa ya chakula cha jioni. Akiridhika, wangefunga ndoa mbele ya serikali na Berthe angepata kibali cha kuishi, kama alichokuwa nacho Kazadi. Asiporidhika, Berthe alikuwa na siku thelathini za kuondoka Ubelgiji, na nyumba ya kurudia hakuwa nayo. Kwenye mji wa Likasi watu wa kwao walifukuzwa mwaka tisini na tatu, wakapakiwa kwenye treni na kile walichoweza kubeba. Karatasi hazikuwamo.

Aliyewafundisha ni Hamissi wa ghorofa ya chini. Yeye aliupita mtihani huo pamoja na mwanamke aliyemfahamu kwa majuma matatu, bila kukosa swali hata moja, na sasa kila mmoja anaishi kwake.

"Shida yenu hamusomake," aliwaambia. "Ndoa ni leçon kama zingine."

Basi wakasoma. Hamissi aliwapangia kila kitu: waitane chéri, neno la mapenzi ambalo Berthe alilikwepa kila mara, viatu viwili vya mume vikae mlangoni, picha moja iwe ukutani. Akawatungia pia hadithi ya kukutana kwao: ubatizo huko Laeken, miaka miwili iliyopita, Berthe akitafuta kiti, Kazadi akimpa chake. Chakula nacho kisiwe sombe ya majani ya muhogo, kiwe cha watu wa hapa. Akawaletea ukurasa aliouchana kwenye kijarida cha dukani: samaki wa kuoka, wa kung'aa, asali na haradali na limau.

Walifanya mazoezi Jumatatu. Berthe aliwapaka samaki asali yote kabla ya kuwaingiza kwenye oveni, wakatoka weusi kama soli ya kiatu. Leo alikuwa na akili zaidi. Aliwakausha vizuri kwa kitambaa, akawachanja ubavuni, akawatia chumvi, akawapaka nusu tu ya asali. Nusu nyingine angeipaka dakika tano za mwisho, ishike rangi bila kuungua.

Mkaguzi alifika wakati wa kupaka mara ya pili. Alikuwa mzee mpole mwenye mkoba wa ngozi na mafua. Alitazama miswaki, akaandika. Alitazama viatu, akaandika. Alimuuliza Kazadi chumvi inakaa wapi, na Kazadi akafungua kabati sahihi haraka mno, kabla mzee hajamaliza swali.

Wakamkaribisha mezani. Samaki waling'aa kama kwenye ule ukurasa. Mkaguzi alikubali kipande kidogo, kisha kingine, akauliza walikutana vipi.

Kazadi akasimulia ubatizo wa Laeken. Alisimulia vizuri, kiti na yote, na Berthe aliinamisha macho kwenye sahani kwa sababu uongo wa Kazadi ulikuwa unapendeza kuusikia. Mkaguzi aliandika polepole. Halafu akaacha kuandika, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Berthe aliyajua macho hayo. Karani naye aliwatazama hivyo.

"Madame," mzee akasema kwa Kifaransa, "mnajibu vizuri sana. Kupita kiasi."

Hamissi hakuwa amefundisha jibu la hilo.

Kazadi, kwa hofu, akajaza mdomo samaki. Berthe, ambaye alikuwa anatafuta la kusema na macho yake yako kwa mkaguzi, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Kazadi, akachomoa mwiba kwenye kipande kilichofuata, akauweka pembeni. Akachomoa na wa pili. Kazadi aliendelea kutafuna. Hakuna kati yao aliyeona kwamba jambo lolote limetendeka.

Mkaguzi alifunga daftari. Maswali ya ukurasa mzima yalikuwa hayajaulizwa, na chumba cha kulala hakukitazama. Alimaliza samaki wake, akapiga chafya, akasema barua ya kuruhusu ndoa itafika wiki ijayo, akawapa mkono wote wawili.

Walisikiliza hatua zake zikishuka ngazi hadi mlango wa chini ukafungwa.

"Sukari mu samaki," Kazadi akasema. "Watu wa hapa."

Berthe akainjika maji ya bukari, ugali wa kwao. Kazadi akaanza kuosha vyombo.

Maji yalipokuwa yanachemka, Berthe akachukua karatasi akamwandikia Ngalula, binti yao wa kwanza, aliyekuwa ametimiza miaka ishirini na miwili huko Mbuji-Mayi, kwamba mwezi ujao baba yake na mama yake watafunga ndoa. Awaambie wadogo zake wanne. Bibi yake asimwambie, kwa maana bibi alicheza mpaka asubuhi kwenye harusi yao ya mwaka sabini na tatu, na hangeelewa kwa nini haikutosha.