Fremu Nyeusi

Kidole cha Rumiana kilikuwa juu ya kitufe. Zana ile ya bure ya mtandaoni ingemjengea tovuti yake ya kwanza kabla chai haijapoa: soksi zote alizofuma mama, na juu yake uso wa mama. Ila kila picha ilitiwa ndani ya fremu nyeusi, na fremu ilikataa kuondoka.

Mlangoni kwa jirani ilibandikwa karatasi yenye fremu kama hiyo na uso wa marehemu, kama kwenye kila mlango wenye msiba mjini kwao.

"Bonyeza basi, msomi," alisema mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza dada yake. "Anaisubiri, na hali yake unaiona."

Kitandani, mama aliinua soksi nyekundu ambayo bado haikuwa na kisigino. "Niweke nikicheka, mwanangu. Meno yenyewe mapya."

Rumiana akaifunga zana ile. Akafungua ukurasa mtupu na kuanza kuandika msimbo wa tovuti mwenyewe, mstari kwa mstari, akikosea na kufuta.

Tovuti ilipofunguka hatimaye, picha ya mama akicheka bila fremu, mama mdogo alikuwa nje akipaka gundi karatasi ya msiba wa dada yake, ya mlango wao.

"Angeiona," alisema, machozi yakimdondokea mikononi. "Umemnyima kwa ajili ya mstari mweusi. Hata samahani huna?"

Rumiana aliikandamiza pembe ya karatasi kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Sina. Sikutaka kumzika angali hai. Siombi radhi."