Sauti Isiyoitikiwa

Bi Mashavu aliingia klabuni saa tisa mchana, viti vikiwa bado juu ya meza na wanawake wawili wakipiga deki. DJ Shebe alikuwa akijaribu spika. Hata shikamoo yake hakuingoja.

"Wewe ndiye uliyeuchukua wimbo wangu wa harusi ukautia midundo?"

"Ndiyo, mama. Mji mzima unaucheza."

"Midundo haina neno. Hebu uweke niusikie."

Sakafu ikatetemeka, na juu ya mdundo ikapaa sauti yake ya ujanani: Mwali yuko wapi? Ukafuata mdundo mtupu. Kisha tena: Mwali yuko wapi?

"Waitikiaji wangu umewapeleka wapi?"

"Niliwakata, mama. Sauti yako peke yake inatosha."

"Inatosha nini? Miaka thelathini niliimba harusini, sikuita hata mara moja nikakosa wa kuniitikia. Wewe umenifanya kichaa anayeita watu njiani, halafu watu wanacheza."

Shebe akanyoosha mkono azime.

"Usiguse."

Sauti ikaita tena. Nyuma yao, mmoja wa wapiga deki akaegemeza fagio la deki ukutani, akakaza kanga kiunoni, akavuta pumzi.