Saa Mbili Kutoka Barcelona

"Anacheka nani huko?"

Firmin alikuwa hotelini Barcelona, simu sikioni, soksi mguu mmoja.

"Huyu? Si ni Rik," mkewe, Godelieve, akajibu kutoka kijijini kwao, nje kidogo ya Brussels. "Kaniletea keki ya cheri."

"Rik mwoka mikate? Leo si kafunga duka?"

"Ndo maana ana nafasi. We kaa na njiwa wako, mume wangu. Hatuna haraka."

Simu ikakatika. Hatuna? Yeye na nani?

Firmin na wenzake wawili wa chama walikuwa wamekuja kuona njiwa wao wakifunguliwa, washindane kurudi nyumbani. Dume lake alikuwa amelipika vizuri: kabla ya safari alilionyesha jike lake limekaa na dume jingine, dakika tu, kisha akalitia kikapuni. Njiwa akishaona hivyo hatui njiani hata umwage gunia la mahindi. Godelieve alimwonea huruma yule ndege. Firmin akamcheka.

Sasa hakucheka. Njiwa hawajafunguliwa, yeye huyo, uwanja wa ndege!

Kwenye foleni akamkuta mwenzake wa chama, Odiel.

"Jino," Odiel akasema kabla hajaulizwa.

Nyuma yao Gaston akaja mbio, kavaa ndala za hoteli. "Mama mkwe anaumwa."

"Si ulisema alishakufa?"

"Ndo hali imezidi."

Kilomita elfu na ushee, saa mbili na kidogo hewani, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Firmin aliona mawingu yamesimama kabisa. Akamwita mhudumu.

"Dada, rubani hawezi kukanyaga mafuta kidogo?"

"Baba, hii si pikipiki. Funga mkanda."

Brussels, magurudumu hayajatulia, wazee watatu wako mlangoni wanapigana viwiko. Gaston akapoteza ndala, akarudi kuifuata. Odiel akafungua mlango wa teksi, Firmin akaingia kwa mlango wa pili, akamwambia dereva, "Twende! Huyo simjui!"

Hakungoja geti lifunguliwe. Aliruka ua wa miti, nusu ya suruali ikabaki kwenye ua, akatua kwenye majani ya bustani yake kwa magoti.

"Rik! Toka nje kama mwanaume!"

Rik alikuwa nje tayari. Alikaa katikati ya bustani, kazungukwa na wake wa chama kizima, kila mmoja na kikombe cha kahawa, shingo zimenyooka kuelekea barabarani. Mkononi alikuwa na ile saa ya mashindano ya njiwa, ya kubonyezwa ndege anapotua nyumbani. Akaibonyeza. Ta!

"Wangu!" Godelieve akarukaruka kama mtoto. "Si niliwaambia? Wangu ndo wa kwanza!"

Mke wa Odiel akasonya, akajikatia kipande kingine cha keki.

"Dume langu lile, nalijua. Saa hizi limeshatua baa."